Jezi Feki ya Reino Kangas

Mdogo wangu Eila ameshona majina migongoni mwa wanaume tangu enzi zile mume wake alipokuwa bado na nywele. Si kazi ya kusifiwa. Wachezaji wa Korongo, timu yetu ya hoki ya barafuni hapa Thunder Bay, Kanada, wakipigwa picha, watu hutazama meno yao, kama yapo. Hakuna anayesema hebu ona ule mshono. Lakini kila herufi iliyowahi kuteleza kwenye barafu yetu imepita chini ya sindano yake, ndani ya chumba kisicho na dirisha kilichobanwa kati ya mashine ya kunolea vyuma vya viatu vya kutelezea na choo cha waamuzi. Uongozi unakiita Idara ya Mavazi. Idara ni Eila, cherehani, na kopo la vifungo.

Herufi za jezi ya kweli hazichapwi. Hukatwa kwenye kitambaa kigumu, tabaka jeupe juu, tabaka jeusi chini likitokeza ukingoni, na kila tabaka hushonwa peke yake kwa zigizaga, ule mshono wa kukata kona huku na huku. Wavivu huyabandika yote mawili kwa gundi na kupitisha sindano mara moja. Eila akiona jezi ya namna hiyo dukani, huitazama kama mtu aliyekuta unywele kwenye supu. Jina likishakamilika linakuwa juu ya kiraka cha rangi ya jezi, na kiraka ndicho kinachoshonwa mgongoni. Sababu ya kiraka ni ya kibinadamu kabisa: mchezaji akiuzwa leo, kiraka kinafumuliwa kesho, na jezi inampokea mwingine bila kinyongo.

Tena kuna madaraja. Mwenye mkataba kiraka chake hushonwa zigizaga pande zote. Mpita njia, aliyeletwa siku mbili kuziba pengo, hupigiwa bandi tu, ile mishono mirefu unayoweza kuivuta ikatoka yote kwa mkono mmoja huku mwingine umeshika kahawa. Kwa hiyo kocha anapomwambia kijana, "Tunaangalia mustakabali wako," kijana angeweza kugeuza jezi ndani nje akausoma mwenyewe.

Kuhusu kazi yake Eila hana mchezo. Nahodha mmoja, jitu la kujaza mlango, aliwahi kuingia idarani kulalamika kwamba herufi yake ya pili imepinda. Eila alimsimamisha mbele ya kioo akamwonyesha kwamba kilichopinda ni bega lake. Akamwambia arudi siku akinyooka. Tangu hapo hakuna aliyesema neno juu ya mshono wa Eila Kangas, na yeye alikuwa ameapa kwamba atakayesema tena ataondoka na sindano mwilini.

Sasa mume. Shemeji yangu Reino anaendesha gari la mkate, na mbali na mkate, ni kipa. Nasema kipa kwa heshima ya ndoa. Hudaka kwenye ligi ya wazee ya Alhamisi, ambako nusu ya washambuliaji wanavaa miwani na nusu nyingine wangepaswa kuvaa. Lakini ligi ya kulipwa ina sheria: kila mchezo lazima awepo jukwaani kipa wa dharura, raia wa kawaida, begi lake likiwa garini, ili siku makipa wote wawili wa mkataba wakiumia mchezo usisimame. Jambo hilo halitokei. Reino alipewa nafasi hiyo kwa sababu alikuwa na begi, na gari la kulibebea.

Akakaa. Miaka na miaka, kila mchezo wa nyumbani, kiti kilekile chini ya saa, akila soseji za bure. Nazijua hizo soseji kwa sababu ninayeziuza ni mimi, kibanda kikiwa hatua chache kutoka kitini pake. Kila kipa wetu akianguka, Reino alinyanyuka nusu. Kipa akisimama, Reino alikaa tena na kujifanya alikuwa anavuta suruali.

"Shemeji, unamwombea mtoto wa watu avunjike?" nilimuuliza siku moja.

"Simwombei mtu mabaya mimi. Nasema tu, ikitokea, nipo."

"Ikitokea tutapigwa ishirini."

"We kaanga soseji, Irja."

Nyumbani ilikuwa hivyohivyo. Eila alimcheka waziwazi. Jumapili tukitoka sauna kuoga mvuke, tumekaa na mataulo kichwani tunakunywa kahawa, Reino alikuwa anaanza hadithi ya namna atakavyoingia uwanjani, na Eila anammalizia: "Na ukitoka tunaita gari la wagonjwa au la mkate?" Sikuwahi kumsikia akimpa neno moja la kumtia moyo. Mimi mwenyewe nilianza kumwonea huruma yule mtu, na huruma kwa shemeji si kitu ninachokigawa ovyo.

Msimu uliopita mambo yakafika mwisho. Daktari aliyatazama magoti ya Reino akasema hayo si ya kudakia, ni ya kukalia tu. Klabu nayo ikamwambia, kwa upole wa watu wasiolipa, kwamba mwakani nafasi yake atapewa kijana wa chuo. Reino akabakiwa na michezo ya kuhesabu vidoleni. Hapo ndipo nilipojua anachotaka hasa. Hakutaka kuwa shujaa. Alitaka avae jezi ya Korongo yenye jina lake, angalau mara moja, kisha aende nayo nyumbani.

"Nizikwe nayo," alisema.

"Utazikwa na suti ya harusi," Eila akamjibu. "Isipopita tumboni tutaipasua nyuma. Nitaishona vizuri, usijali."

Mchezo wa mwisho wa nyumbani ulikuwa Jumapili mchana. Kipa wa kwanza hakutoka chooni tangu asubuhi; alikuwa amekula mayai ya kusindikwa aliyoletewa na shabiki, na baadhi ya mashabiki wetu ni hatari kuliko wapinzani. Kipa wa pili akacheza vizuri mpaka dakika za mwisho za kipindi cha pili, alipotanua miguu kuzuia kisahani, kile cheusi tunachochezea badala ya mpira, akatanuka kupita alivyokusudia. Tulimsikia mpaka kibandani. Wakambeba.

Nilimtazama Reino. Alikuwa amenyanyuka nusu, kama kawaida. Safari hii hakukaa. Soseji yangu ilianguka, haradali juu ya kiatu, naye akashuka ngazi kuelekea kwenye gari akiwa mweupe kama barafu yenyewe.

Nikaacha kibanda nikakimbilia idarani. Clayton Burwash, mtunza vifaa, bosi wa Eila, alikuwa mlangoni na jezi ya akiba ya kipa mkononi, ile pana, ya bluu.

"Eila, jina la mumeo. Piga bandi tu. Mapumziko yakiisha awe amevaa, ligi hairuhusu mgongo mtupu."

"Bandi," Eila akasema.

"Bandi. Kesho tutaifumua. Jezi hii naihitaji mwakani."

"Nimesikia, bosi. Nipishe basi, unanizibia taa."

Akachukua jezi, akanitazama kana kwamba ndimi niliyeleta mayai, akafunga mlango. Nilisikia cherehani ikianza kunguruma. Nikarudi kwenye soseji zangu nikiwaza: jina zima, herufi sita, matabaka mawili, ndani ya mapumziko. Hata kwa bandi hawezi.

Akaweza. Kipindi cha tatu kilipoanza, Reino akatoka kwenye njia ya wachezaji, magoti yakiwa ya daktari lakini mgongo ukiwa wake: KANGAS, herufi zimekaa sawasawa, upinde wa jina umetulia kutoka bega hadi bega. Uwanja mzima ukasimama. Watu aliokuwa anawauzia mkate walipiga meza, viti, na migongo ya waliokaa mbele yao. Nilifikicha macho na kuwaambia wateja ni moshi wa vitunguu.

Kuhusu uchezaji wake nitasema kwa ufupi, kwa sababu ulikuwa mfupi. Tulikuwa tunaongoza kwa mabao manne. Bao la kwanza lilipita kati ya miguu yake, la pili likapita pale alipokuwa ametoka. La tatu lilipigwa kutoka nje ya nusu yetu, na mpigaji hakuwa na nia ya kufunga. Alikuwa anataka kwenda kupumzika. Kisha zikabaki sekunde chache, mpinzani akabaki peke yake mbele ya lango, akapiga kwa nguvu zote, na kisahani kikamgonga Reino kwenye barakoa. Akaanguka chali. Kengele ikalia. Tulikuwa tumeshinda kwa bao moja, na gazeti la mji likampiga picha akiwa amelala vilevile, mikono miwili hewani, mgongo juu ya barafu.

Akabebwa juu juu. Kisha Burwash akamwambia avue.

"Jezi ni mali ya klabu, Reino."

"Nakuomba, Clayton. Hii moja tu."

"Jezi zote zilizochezewa zinaenda kwenye mnada wa hisani. Unajua. Na hii yako, baada ya leo, ndiyo watu wataigombania. Sitaifumua tena."

Basi ikatupwa kwenye pipa la kufulia pamoja na nyingine. Reino alirudi nyumbani amevaa fulana, ana uvimbe kwenye paji la uso, na kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu hakuwa na hadithi. Alikaa mbele ya jokofu akatazama mlango wake. Eila akamwekea barafu kwenye paji. "Wewe na barafu leo," alisema, lakini hakucheka.

Mnada ulifanyika Jumamosi asubuhi kwenye ukumbi wa kuingilia. Klabu ilikuwa imemleta mthibitishaji kutoka Toronto, Bwana Lyndon Prewitt, maana mwaka wa nyuma kulikuwa na malalamiko ya jezi za kughushi. Prewitt alikuwa na glavu nyeupe, taa ndogo, na kioo cha kukuzia alichokining'iniza shingoni kama medali. Daktari wa meno wa mji wetu alikuwa amekaa mstari wa mbele. Alikuja kwa ajili ya jezi ya Kangas, na alitutangazia wote kwamba msumari tayari ameshaupigilia ukutani, kati ya samaki wake na pembe za kulungu. Reino alikaa nyuma kama mfiwa. Mimi na Eila tulikuwa mezani tunagawa kahawa.

Prewitt alizipitisha jezi moja moja, akinusa, akibonyeza, akitikisa kichwa kwa ridhaa. Alipofika kwa ya Reino akasimama. Akaigeuza ndani nje. Akawasha taa. Akaita, "Nani mtunza vifaa?"

Burwash akasogea.

"Kipa wa dharura, si ndiyo? Kiraka kilishonwa vipi?"

"Bandi. Niliagiza bandi mwenyewe."

"Basi tazama hapa." Prewitt akainua kioo. "Zigizaga. Pande zote, tena mizunguko miwili. Herufi zimekatwa moja moja, tabaka moja moja. Hii si kazi ya mapumziko, bwana. Hii imetengenezwa na mtu aliyekaa na kikombe cha chai."

Prewitt alikuwa bado hajamaliza. Watu wa aina yake hawamalizi mapema.

"Halafu jezi ya kipa huwa na alama. Kisahani kinaacha weusi kifuani, mabegani, mikononi. Hii ni safi. Niambieni, kipa gani anacheza kipindi kizima asiguswe na kisahani hata kimoja?"

Hapo watu wengi walimgeukia Reino, na baadhi yao walianza kukohoa. Jibu lilikuwa limekaa mstari wa nyuma likiwa na uvimbe kwenye paji.

Burwash akatafuta picha ya gazeti ili kulinganisha. Reino chali. Kifua, mikono hewani, tabasamu la mtu aliyepoteza fahamu. Mgongo hakuna.

"Ile ndiyo!" Reino akasimama. "Niliivaa mimi! Watu wote hapa wameniona!"

"Hakuna anayekataa kwamba ulivaa jezi, bwana," Prewitt akasema kwa upole wa kuudhi. "Nasema si hii."

"Si hii vipi? Mke wangu ndiye..."

"Reino," Eila akasema. "Kaa chini."

"Eila, anasema kazi yako ni—"

"Nimemsikia anachosema. Kaa, kahawa yako inapoa."

Burwash akamgeukia, sura imebadilika. "Eila. Nilikuambia bandi. Hii ni nini?"

Nilimwangalia mdogo wangu na nikaanza kuzihurumia glavu za yule bwana. Huyu ndiye mwanamke aliyemtoa nahodha ofisini kwa sababu ya herufi moja. Hapa mgeni alikuwa amesimama mbele ya mji mzima, kioo mkononi, akisema kwamba mshono wa Eila Kangas ni wa kughushi. Niliona shingo yake ikipanda rangi. Niliona mkono wake ukienda kwenye ukosi, mahali anapochomeka sindano. Kisha mkono ukashuka.

"Ameniweza," akasema.

"Unasemaje?"

"Bwana ameniweza. Hiyo si halisi. Ile ya mchezo niliifumua Jumatatu, kama ulivyoniagiza. Iko kabatini, mgongo mtupu, nenda katazame. Hii nilishona nyumbani, ukumbusho wa mume wangu, nikaileta kuifua na nyinginezo. Ikachanganyika."

Burwash akaenda kabatini. Akarudi na jezi ya akiba ya kipa, pana, ya bluu, mgongo mtupu. Jezi hizo za akiba huwa zipo mbili, lakini mtunza vifaa wetu alishaacha kuhesabu siku alipokabidhi kabati kwa Idara ya Mavazi.

"Niliposema siifumui hukusikia?"

"Uliposema hivyo nilikuwa nafua, bosi."

"Na hiki kitambaa cha nani?"

"Cha klabu. Vipande vilivyobaki."

Alimkaripia mbele ya watu wote, juu ya vitambaa, juu ya nidhamu, juu ya jina la klabu. Eila akasimama mikono imekunjwa mbele kama mtoto wa shule, anaitikia ndiyo, ndiyo bosi. Daktari wa meno aliuliza kama anaweza kununua hiyo feki kwa bei ya feki. Prewitt akamwambia kwamba mtu wa heshima hatundiki uongo ukutani, na yule akanywea akakaa. Kisha mtaalamu akabandika kwenye ukosi karatasi nyekundu iliyoandikwa SI HALISI, akaisukuma jezi pembeni ya meza kwa ncha ya kidole, na Eila akaiokota akaitia kwenye mfuko wa mkate.

Garini Reino aliendesha akiwa amefura. Tulipofika jikoni kwao ndipo alipopasuka.

"Umekubali. Mbele ya watu. Umekubali kwamba sikuvaa!"

"Jezi iko wapi?" Eila akauliza.

"Nini?"

"Nakuuliza jezi iko wapi sasa hivi."

Reino akatazama mfuko wa mkate juu ya meza. Akautazama kwa muda, maana shemeji yangu mambo humfikia kwa gari la mizigo. Akaitoa jezi. Akapitisha kidole kwenye ukingo wa kiraka.

"Ni hii," akasema.

"Ni hiyo."

"Na bandi je? Clayton alisema bandi."

"Bandi ni ya wapita njia."

Mimi nilikuwa na swali langu, na mtu akiwa dada mkubwa hasubiri zamu. "Eila, yule bwana ni mjinga, lakini jambo moja kasema kweli. Zile herufi haziwezi kushonwa ndani ya mapumziko. Hata wewe huwezi."

"Sikuzishona kwenye mapumziko. Nilishona kiraka tu. Jina lilikuwepo."

"Lilikuwepo wapi?"

Eila alifungua droo ya chini ya kabati la jikoni, ile ya vitambaa vya meza ambavyo hatuvitumii, akatoa bahasha kuukuu ya nguo na kuikung'uta juu ya meza. Vikaanguka viraka. Kimoja cha kijani, cha enzi za tajiri wa kwanza, aliyependa kijani. Kimoja cha rangi ya kahawia, cha yule mfanyabiashara wa mbao. Chekundu, cha mwaka ule mbaya wa herufi zenye mikia. Kila tajiri mpya aliyenunua timu alibadilisha rangi na mwandiko, na kila alipobadilisha, Eila alikuwa amekaa chini akashona upya, tabaka kwa tabaka, kwa mtu aliyekuwa jukwaani anakula soseji. KANGAS, KANGAS, KANGAS.

Reino alivipanga kwenye meza kimoja baada ya kingine. Machozi yalimdondoka juu ya jezi aliyokuwa ameikumbatia.

"Na wewe ulikuwa unamcheka," nikamwambia mdogo wangu. Sauti yangu mwenyewe haikunipendeza.

"Alikuwa anachekesha," Eila akasema. Akamnyang'anya Reino jezi, akamfuta uso kwa mkono wa shati lake mwenyewe. "Usiilowanishe, si ulisema utazikwa nayo. Na hiyo karatasi nyekundu usiitoe. Clayton huwa anakuja kunywa kahawa."